Nyuma ya Ukuta Kuna Mikoko: Wiki Moja na Wageni wa Florida

Jumamosi

Kaka yangu ametua leo alasiri na familia yake. Anaishi Orlando, jimbo la Florida, na kazi yake ni kuendesha basi linalobeba wageni kati ya hoteli na bustani kubwa za burudani za huko. Binti yake ana miaka kumi na mmoja, wa kiume ana sita, na hawajawahi kukanyaga Dar es Salaam. Nilijiandaa kwa maswali ya simba na tembo, maana wageni wengi huingia nchi hii na hayo. Swali la kwanza la yule mdogo lilikuja tukiwa kwenye foleni ya Ubungo, alipochungulia mtaro uliotuama maji.

"Shangazi, humo mna aligeta?"

Nikamwambia aligeta hawapo Afrika, sisi tuna mamba. Akataka kujua kama hao mamba wanakaa karibu na mabembea.

Swali lake nimelielewa usiku, tulipokaa barazani na mama baada ya chakula na kaka akaanza kusimulia. Florida ni nchi ya majimaji. Disney World, mkusanyiko wa bustani za burudani na hoteli uliofunguliwa mwaka 1971, ilijengwa kwenye vinamasi na misitu, eneo linalozidi kilomita za mraba 100. Ilichimbwa mifereji ya kuondoa maji, yakatengenezwa na maziwa ya kupendeza macho, lakini wenyeji wa kinamasi walibaki. Aligeta katika jimbo zima wanakadiriwa kufika milioni 1.3, na katika wilaya zake 67 hakuna hata moja isiyo nao. Mgeni anatoka hotelini na taulo begani, anamkuta mmoja ukingoni anaota jua. Korongo wanavuka barabara na vifaranga, mabasi yanasimama kuwapisha. Kwarara weupe wanazunguka miguuni mwa watu wanaokula. Septemba 2023 dubu mweusi alikutwa juu ya mti ndani ya Magic Kingdom, mojawapo ya bustani za Disney, sehemu yake ikafungwa mpaka maofisa wa wanyamapori walipomkamata na kumhamishia msituni.

Halafu akashusha sauti, watoto walikuwa wameshalala. Juni 2016, kwenye ufukwe wa ziwa mbele ya hoteli moja ya Disney, mtoto wa miaka miwili alikuwa anachezea maji ya kina kifupi, giza limeshaingia. Aligeta akamkamata, baba yake akajitahidi kumnasua akashindwa. Mabango yaliyokuwepo yalikataza kuogelea. Hayakusema kuna aligeta. Siku chache baadaye uzio uliwekwa, na mabango mapya yaliyowataja aligeta na nyoka kwa majina yao.

"Inna lillahi," mama alisema, akanyamaza muda mrefu.

Kaka anasema tangu wakati huo, safari za jioni huwaambia abiria wake kwa sauti, wenye watoto washike mikono yao, wasisogee maji baada ya magharibi. Wengine huwa hawampendi kwa hilo. Yeye hajali.

Jumapili

Siku ya ndugu. Mama amepika pilau, majirani wamekuja kuwaona wageni, hatukutoka nyumbani.

Mnyama wa leo ni kunguru. Mdogo aliketi kwenye ngazi za nje na kipande cha kuku, akageuka kumwita dada yake, na kunguru akashuka kutoka kwenye mwembe akakichukua mkononi. Mtoto alilia kwa uonevu zaidi kuliko maumivu. Kunguru hawa wa shingo ya kijivu asili yao ni India. Waliletwa Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1800 ili wasaidie kula taka, wakasambaa pwani nzima. Wanakula mayai na makinda ya ndege wengine, na ndiyo maana mitaa mingi ya jiji hili ukiamka alfajiri unasikia kunguru tu. Sisi tunawalaani huku majalala yetu yako wazi usiku na mchana.

Jumatatu

Leo bustani ya maji. Jina lake sitalitaja, kwa sababu yaliyotokea yangeweza kutokea kwenye yoyote kati ya zilizoko ufukwe huu wa kaskazini.

Tumeingia saa nne asubuhi. Mabwawa, mirija mirefu ya kuteleza, singeli kwenye spika, harufu ya chipsi na mishikaki. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma, maji ya baridi kidogo, lakini watoto hawajui hilo. Upande wa mashariki kuna ukuta, na juu ya ukuta vinaonekana vichwa vya mikoko. Binti wa kaka aliuona kabla hajavua viatu. "Nyuma ya ule ukuta kuna maji?" Nikamwambia kuna kijito cha chumvi, maji yanapwa na kujaa. Akaenda kuangalia kama ukuta unafika mwisho. Haufiki. Kwenye kona ya nyuma, palipo na chumba cha pampu, umebomoka kwa urefu wa kama hatua tatu, na pamezibwa na mabati yaliyolala.

Saa saba tumbili wakaingia kupitia hapo hapo.

Watu wa Dar tumewazoea tumbili kiasi cha kutowatazama. Leo nimemtazama mmoja. Alikuwa jike, kitoto kimemkumbatia tumboni, uso mweusi umezungukwa na manyoya meupe. Alishika ukingo wa meza yetu kwa vidole vinne vyembamba, kucha zake nyeusi zimepauka kwenye ncha. Akanyoosha shingo. Akatazama sahani, akatutazama sisi, akatazama sahani tena. Halafu mkono ukaenda mara moja, na chipsi zikaingia mdomoni kwa kasi ambayo hukuona akitafuna, kwa sababu hatafuni. Anazisukumiza kwenye mifuko ya mashavuni, anakwenda kuzitafuna mbali na wenzake. Mashavu yalivimba pande zote mbili, kitoto nacho kikaanza kupapasa mdomo wa mama yake kwa nje.

Kaka alitwaa sahani, akazifunika, akawaambia watoto wasimkazie macho. Kumkodolea tumbili macho na kumwonyesha meno, hata kama wewe unatabasamu, yeye anaona unamtisha.

Meza ya pili kulikuwa na familia moja, watu wema kabisa, baba ana simu mkononi anapiga picha. Alimpa mwanawe wa miaka minne hivi ndizi, amnyooshee tumbili. Likaja dume, kubwa kuliko wote. Lilichukua ndizi kwa ustaarabu, watu wakapiga makofi. Likala, likamaliza, likarudi kutaka nyingine. Mtoto hakuwa na nyingine. Dume likamshika mkono likauvuta na kuukagua, mtoto akapiga kelele, likamkwaruza kutoka kiwiko mpaka kiganja na kukimbilia juu ya paa.

Hapo nilimwona kaka akiwa kazini. Alimbeba yule mtoto mpaka kwenye bomba, akaomba sabuni, akaosha ule mkwaruzo kwa maji yanayotiririka, na baba mtu alipomwambia inatosha, kaka akasema bado, robo saa nzima. Kisha akamwambia baba aende hospitali leo hii aulizie chanjo ya kichaa cha mbwa, asisubiri kuona kama kidonda kitavimba. Mnyama yeyote wa porini anayenyonyesha akikuuma au kukukwaruza, ugonjwa ule unaweza kupita, na dalili zikishaanza hakuna dawa ya kuurudisha. Yule baba alikuwa anatetemeka. Akamkumbatia kaka, akaondoka na mtoto begani.

Mhudumu alikuja na mawe mfukoni, akawatupia tumbili. Nilipomuuliza kwa nini hapana bango wala mtu wa kuwaonya wageni, akasema, "Wamezoea hao, mama, hawana neno."

Kuzoea ndiko kunakoniogopesha. Kaka anasema Florida kumlisha aligeta ni kosa la jinai, na sababu yake ni hii. Kwa asili aligeta humkwepa binadamu. Ukimtupia mkate au mabaki ya samaki, anajifunza kwamba umbo la mtu lina maana ya chakula, na kwake mtoto aliyeinama ukingoni hana tofauti na mkono unaotupa mkate. Aligeta wa mita 1.2 au zaidi akiripotiwa kuwa tishio, hutumwa mtegaji mwenye kibali. Mara nyingi hahamishwi, kwa sababu wanaohamishwa hujaribu kurudi walikotoka na kusababisha balaa njiani. Anauawa. Aliyemrushia mkate huwa ameshapanda ndege kurudi kwao.

Saa kumi, watoto wakiwa kwenye mrija wa mwisho, tukasikia kelele kwenye kona ya pampu. Vijana wawili wa usafi walikuwa na vyuma, na mbele yao kenge. Mrefu kuliko mwanangu, naye ana miaka tisa. Ngozi ya kijivu-nyeusi yenye vitone vya manjano vilivyopangwa kwa mistari ya kukata mgongo, ulimi wa buluu-nyeusi uliogawanyika ncha ukitoka na kuingia, mkia umekunjwa upande tayari kupiga. Alikuwa amebanwa kati ya pampu na mabati, na kila kijana aliposogea alijijaza pumzi mpaka ubavu unafutuka na kutoa sauti ya tairi linalotoka upepo.

"Mwacheni apite." Mzee wa bustani, yule anayemwagilia maua, alikuja taratibu na mpira wa maji mkononi. "Ondokeni hapo mbele, mmemzibia njia." Vijana wakarudi nyuma. Mzee akainua bati moja kwa mguu. Kenge alikaa kama dakika nzima, kisha akaondoka kwa mwendo wa haraka wenye kuyumbisha kiwiliwili, akapotea kwenye mikoko.

Mdogo alikuwa amejibanza kwa baba yake. "Babu, yule ni mamba mtoto?"

Mzee akacheka kwa furaha. "Kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, mjukuu wangu. Huyo ni kenge. Anakula panya, kaa, na mayai. Hata mayai ya mamba anafukua akala." Akageukia vijana: "Huyu akifa, panya wa jikoni mtakuja kuwala nyinyi?"

Kenge wa maji anaweza kufika mita mbili. Anauma vibaya akishikwa na mkia wake unachana ngozi, lakini mwachie njia, naye atakuachia. Nimemuuliza mzee amejifunza wapi. Anasema amekulia Bagamoyo, baba yake alikuwa na mashamba ya mpunga.

Jumanne

Nimetaka watoto waone upande wa pili wa ule ukuta. Tumekodi mtumbwi wenye injini ndogo pale Kunduchi, kwa nahodha mmoja ambaye mume wangu hununua kwake samaki. Tulisubiri maji yajae mpaka saa tano, maana yakiwa yamekupwa mtumbwi unakaa kwenye tope.

Ndani ya mikoko joto linashuka na kelele za barabara zinakatika. Mikoko yenyewe ina mizizi iliyosimama juu ya maji kwa miguu mingi. Mchu, mkoko wa aina nyingine, hutoa vijiti wima kutoka ardhini, maelfu, vinavyopumua maji yanapokupwa, kwa kuwa tope halina hewa. Nahodha alitusogeza karibu tukaona visamaki vyenye macho ya juu ya kichwa vikitembea kwa mapezi kwenye tope na kurukaruka, vimetoka majini kabisa. Kaa madume wadogo wenye gando moja kubwa la rangi walikuwa wanalipunga, kila mmoja mbele ya shimo lake. Mdogo aliwapungia mkono nao wote wakazama mashimoni kwa pamoja. Alirudia mpaka akachoka.

Binti alimuuliza nahodha kama humu kuna mamba. Akasema tangu aje kuvua hapa hajakutana naye, ila kwao Rufiji ni jambo la kila siku. Delta ya Rufiji ina mikoko ya hekta kama 53,000, mingi kuliko mahali pengine popote Afrika Mashariki, na mtoni kuna mamba na viboko. Kijijini kwao mama yake alikuwa anachota maji kwa kopo lililofungwa kwenye mti mrefu, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kurudi mara mbili mahali pale pale. "Mamba anahesabu," alisema. "Ukija leo saa kumi na mbili na kesho saa kumi na mbili, keshokutwa anakusubiri." Kaka alisikiliza hayo kwa makini mno, akasema ndivyo na wao wanavyofundishwa, kwamba aligeta hawindi sana mchana, hupenda machweo na usiku, na kwamba ukingo wa maji ni mahali pa kupita na kuondoka.

Kisha binti akamfundisha nahodha. Alichovya kidole kwenye maji akachora vichwa viwili kwenye ubao wa mtumbwi. Aligeta ana pua pana iliyoviringa mbele, mdomo ukifungwa meno ya chini hayaonekani. Mamba wetu pua imechongoka zaidi, na jino la nne la chini linabaki nje. Aligeta hujenga kiota cha rundo la majani, mamba wa huku huchimba shimo mchangani. Wote wawili mama hulinda mayai na kubeba watoto kinywani kuwapeleka majini. Nahodha alitazama mpaka michoro ikakauka. "Huyu atakuwa daktari wa mamba," akasema, na binti akaona haya.

Tulipozunguka kona tukaukuta ukuta wa bustani ya maji, kwa nyuma. Nisingependa kuandika haya lakini ndiyo niliyoyaona. Chini ya lile pengo la mabati kuna lundo la mabaki ya jikoni: maganda, mifupa ya kuku, chipsi zilizolowa, mikate, vikombe vya plastiki vimenasa kwenye mizizi ya mchu. Tumbili walikuwa pale, kundi zima, na kunguru juu yao. Huwa wanaanza kula upande huu, wakimaliza wanafuata harufu wanaruka ndani. Panya wanafuata lundo hilo hilo, na kenge anawafuata panya. Nahodha anasema linamwagwa kila siku jioni.

Kwa hiyo wahudumu wanaowapiga tumbili mawe mchana, jikoni yao inawaalika usiku.

Jumatano

Maonyesho ya biashara ya Sabasaba. Vumbi, watu, vijora vya bei nafuu. Kwenye banda la maliasili kulikuwa na simba ndani ya kizimba, watoto wa shule wamepanga foleni ndefu. Mdogo alimwangalia simba kidogo, akasema anataka kurudi kwa kaa.

Alhamisi

Tumeshuka Salender wakati maji yamekupwa. Kutoka kwenye njia ya waenda kwa miguu ya Daraja la Tanzanite, lililoanza kutumika 2022, unaona mdomo wote wa Mto Msimbazi: tope linalong'aa, mikoko, na ndege. Yangeyange walikuwa wengi. Kwarara, yule mweupe mwenye kichwa cheusi kisicho na manyoya na mdomo uliopinda, alikuwa anachokoa tope hatua kwa hatua. Binti akasema ni ndugu wa wale wanaoiba viazi Florida. Huyu anatafuta kaa na minyoo kwa jasho lake, na nilifurahi kumwona akila chakula chake mwenyewe.

Kaka aliishi Magomeni kabla hajaondoka nchini, na Jangwani anaijua kwa mafuriko. Mto unaanzia vilima vya Kisarawe, unapita katikati ya jiji ukibeba kila kitu tulichokitupa, na masika ikikolea barabara ya Morogoro inafungwa pale Jangwani, mabasi ya mwendokasi yanasimama. Nilimweleza mpango uliopo. Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022 kwa ajili ya bonde la Msimbazi. Daraja jipya la juu zaidi, mto kupanuliwa na kusafishwa, watu kuhamishwa kutoka mabondeni kwa fidia, na sehemu ya bonde kugeuzwa bustani ya jiji yenye viwanja na njia za kutembea.

Mimi bustani hiyo naitaka kwa moyo wote. Watoto wa Magomeni, Kigogo na Ilala hawana mahali pa kukimbia pasipo magari. Lakini kaka, akiwa ameegemea chuma cha daraja, alisema jambo ambalo sijaacha kulifikiria. "Dada, huku ndiko walikofika wenzetu mwaka 1971. Mnajenga pa kuchezea juu ya kinamasi. Mpangieni nafasi kila aliyemo sasa hivi, kabla hamjaweka bembea la kwanza."

Tulikaa pale karibu saa nzima tukipanga, yeye na mimi, kana kwamba tumeajiriwa. Mapipa yenye vifuniko ambavyo tumbili na kunguru hawawezi kufungua. Ukanda wa matete na majani marefu kati ya nyasi za kuchezea na maji, ili mtoto asiweze kufika ukingoni kwa kukimbia na kenge awe na pa kujificha. Mabango yanayomtaja mnyama kwa jina na picha, kwa Kiswahili, siyo "hatari" peke yake, kwa sababu mtu hujikinga na anachokijua. Mikoko iachwe mdomoni mwa mto. Hakuna vibanda vya chakula karibu na maji. Binti aliandika yote kwenye simu ya mama yake.

Jumamosi

Jana tumepumzika, swala na wali wa nazi. Leo tumevuka Daraja la Nyerere kwenda Kigamboni, tukashuka kusini mpaka barabara ikawa ya mchanga. Sea Sense, shirika linalowalinda kasa, hufanya kazi na wanavijiji wa pwani hii, wanaotembea ufukweni kutafuta nyayo za kasa na kuvilinda viota. Mlinzi mmoja, kijana aliyesema babu yake alikuwa anakula mayai hayo hayo, alituambia kiota kimoja kimeanza kubonyea juu, dalili kwamba watoto wanapanda.

Tulisimama nyuma ya kamba. Saa kumi na moja na nusu mchanga ulitikisika. Kikatoka kichwa kimoja, cheusi, chenye mchanga machoni. Kikatulia. Halafu chini yake pakachemka, wakatoka kwa mkupuo, kila mmoja urefu wa sentimita tano hivi, wakipiga mapezi kuelekea mwanga wa bahari. Mmoja aliingia kwenye alama ya unyayo wa mtu, akahangaika kupanda ukingo wake, akateleza, akapanda tena. Mdogo alimtazama mlinzi. Mlinzi akatikisa kichwa: usimguse, mwache atembee mwenyewe. Mtoto wa miaka sita akakunja mikono yake nyuma ya mgongo na kusubiri. Sijawahi kumwona ametulia vile. Kasa akatoka, akaenda.

Binti alimuuliza mlinzi kama hawa ni madume au majike. Akamjibu joto la mchanga ndilo linaloamua, ukiwa wa joto wengi huwa majike. Binti akaruka. Kwa aligeta ni kinyume, akasema, kiota cha nyuzi 33 hivi hutoa madume na cha baridi zaidi hutoa majike. Akaeleza pia kwamba fukwe za Florida nazo zina kasa wengi, na miji mingi huko ina sheria ya kuzima au kukinga taa za pwani majira ya kutaga, kwa sababu vitoto vikiona taa nyuma yao huenda barabarani badala ya baharini. Mlinzi akatuonyesha kwa kidole hoteli inayojengwa juu ya kilima cha mchanga. Taa za mafundi zilikuwa zimeshawashwa.

Jumatatu

Nimeandika barua jana usiku, kaka akaisahihisha, na leo asubuhi nimeipeleka kwa mikono yangu kwenye ile bustani ya maji. Mambo manne tu. Mabaki ya jikoni yawekwe kwenye mapipa yenye vifuniko na yachukuliwe na gari la taka, yasimwagwe kijitoni. Pengo la ukuta lizibwe upande wa watoto, lakini iachwe njia ya chini ambayo mnyama anaweza kurudia kwao. Wageni waambiwe mlangoni kwamba kulisha tumbili ni marufuku. Pawepo sabuni na maji, na namba ya zahanati iliyo karibu, pale kwa mwokoaji.

Meneja aliisoma akiwa amesimama. La mapipa amelikubali papo hapo, amesema hakujua jikoni wanamwaga wapi, na akamwita mpishi mkuu mbele yangu. La sabuni amekubali. Kuhusu mlangoni amesema wageni wakikatazwa sana hawarudi. Nikamsimulia yule mtoto wa ndizi, ambaye baba yake nimepata namba yake na ameshachomwa sindano ya pili. Meneja akanyamaza, akasema weka bango basi, moja.

Bango amelichora binti wa kaka kwenye ubao aliopewa na mzee wa bustani: tumbili jike mwenye kitoto tumboni, na chini yake maneno USITULISHE, TUNAJITAFUTIA. Mzee amelifunga kwa waya kwenye nguzo iliyo karibu na meza za chipsi.

La ukuta, meneja anasema mpaka bajeti ya mwakani. Nimemwomba aniandikie hivyo kwenye nakala yangu ya barua, na ameandika.